Mkia si ukoo

Aprili ni mwezi wa kukaa nyumbani kwa sisi tunaoongoza watalii hapa Arusha. Masika yakikolea, barabara za hifadhini zinakuwa tope, kambi nyingi zinafungwa, na gari linalala uani chini ya turubai. Wenzangu wengine hushika jembe, wengine hukodi bodaboda. Mimi mwaka huu nilishika viwavi.

Walikuja wenyewe. Binti yangu, yuko darasa la tano, alitumwa na bibi yake akachume ndimu. Huyo bibi yake ni shangazi yangu, dada wa baba, na ndiye mwenye mji. Tunaishi kwake upande wa juu wa Tengeru, kwenye mteremko wa Meru, na ile midimu na milimao kumi na miwili nyuma ya nyumba ndiyo inayompeleka sokoni kila Jumamosi. Mtoto akarudi mbio, kidole kakinyoosha mbele kama kimeungua.

"Baba, nusa."

Nikanusa. Ganda la chungwa lililosahaulika siku nne kwenye mfuko wa plastiki, na juu yake ukali fulani kama wa siki.

"Katoa pembe," akasema.

Tukaenda kuangalia. Kwenye tawi la chini alikuwepo kiwavi wa kijani, mnene kama kidole cha mtoto, ana mikanda ya kahawia ubavuni. Nikamgusa kwa kijiti karibu na kichwa. Akainua kifua, na nyuma ya kichwa ikachomoza pembe laini yenye matawi mawili, rangi ya chungwa lililoiva, inang'aa kwa unyevu. Ikakaa hapo kwa muda wa pumzi mbili, kisha ikazama ndani, jinsi kidole cha glavu kinavyorudi ukikivuta kwa upande wa pili. Majani mawili mbele walikuwepo wadogo zake, weusi wenye baka jeupe mgongoni, ungeapa ni kinyesi cha ndege.

Shangazi alikuwa barazani anachambua maharage. "Hao ndio wanaonimalizia miche," akasema bila kuinua kichwa. "Jioni nawapiga dawa."

"Shangazi, niachie wanne tu."

"Wa nini?"

"Nimfundishe mtoto."

Akanitazama kama mtu anayepiga hesabu ya matumizi. "Wanne. Na majani yao mtachuma kwenye ule mdimu uliozeeka, si kwenye miche yangu." Tukawatia kwenye ndoo ya lita ishirini, juu tukafunga kipande cha chandarua kilichotoboka.

Kiwavi huyo ni mtoto wa Papilio demodocus, kipepeo mkubwa mweusi mwenye madoa ya njano na macho ya bluu na nyekundu kwenye mabawa ya nyuma. Kila mwenye mlimao Afrika amemwona, hata kama hajamjali. Yumo katika familia ambayo wataalamu huiita Papilionidae, na kwa kuwa wengi wao wana mikia miwili nyuma kama ya mbayuwayu, mimi nawaita vipepeo mbayuwayu. Dunia nzima zipo spishi zaidi ya 550. Lakini huyu wa mlimao hana mkia. Ndipo kisa changu kinapoanzia, maana nilipokuwa kijana kazini niliamini kuwa mkia ndio ukoo.

Nina daftari la miaka hiyo, jalada lake limeliwa na mende. Nilikuwa nikiandika kila kipepeo niliyemwona nikiwa na wageni katika Hifadhi ya Taifa ya Arusha, hasa msitu wa Ngurdoto, wageni wakiwa wamewaelekezea mbega kamera na mimi nikiwa nimeyaelekeza macho chini kwenye tope, ambako vipepeo madume hukusanyika kunyonya chumvi. Namba 14: "Njano mpauko, kingo nyeusi, mikia mirefu. Wa familia ya mbayuwayu." Namba 23: "Mweusi mwenye mabaka meupe makubwa. Hana mkia. Anaruka polepole. Si mbayuwayu." Huyo wa 23 nilimweka ukurasa mmoja na kipepeo mwingine mweusi mwenye mabaka meupe, Amauris, ambaye ndege hawamgusi kwa sababu mwilini mwake mna sumu. Nilivuta mstari wa kuwaunganisha na nikaandika pembeni, kwa kalamu nyekundu kabisa: "ndugu".

Mwaka mmoja akaja mgeni, mzee aliyestaafu ualimu, aliyekuwa anapanda milima kwa ajili ya wadudu tu. Jioni kambini akaniomba lile daftari. Akalisoma ukurasa kwa ukurasa, kwa heshima, mpaka akafika namba 23. Akaguna. Akachukua penseli akaunganisha 14 na 23 kwa mstari mmoja mrefu unaokatisha kurasa, na juu yake akachora duara mbili, moja yenye mshale, nyingine yenye msalaba. Dume na jike.

Mume na mke! Na mimi nilikuwa nimewaandikisha koo mbili tofauti, mke nikampa ukoo wa jirani.

Kilichonifariji ni kwamba hata wakubwa waliangukia hukohuko. Huyo wa njano na mke wake mweusi ni spishi moja, Papilio dardanus, na kwa miaka mingi wataalamu wa Ulaya waliwapa majike wake majina mbalimbali kana kwamba ni spishi mbalimbali, kwa sababu majike wenyewe hawafanani hata wao kwa wao. Wapo weusi wenye mabaka meupe wanaomwiga Amauris. Wapo wa rangi ya chungwa wanaomwiga Danaus chrysippus, yule kipepeo wa machungwa mwenye ncha nyeusi unayemwona kila kiwanja chenye magugu. Roland Trimen, Mwingereza aliyeishi Cape Town, ndiye aliyechapisha mwaka 1869 hoja kwamba hao wote ni wake wa dume mmoja wa njano. Wapo waliomcheka. Baadaye watu walifuga viwavi wa mama mmoja, na kweli kwenye mayai ya tumbo moja wakatoka madume wa njano wenye mikia na majike wa sura mbalimbali wasio na mkia. Na huko Madagaska na Ethiopia wapo majike wa spishi hiyohiyo wenye njano na mkia kama waume zao. Sare ya kuazima hawakuivaa, au wengine hawakuivaa.

Tofauti yote hiyo ya mavazi, utafiti wa miaka ya karibuni umeonyesha kuwa inashikiliwa na sehemu moja tu katika vinasaba vya dardanus, pale ilipo jeni iitwayo engrailed. Sehemu moja, kama swichi ya taa. Ukishalijua hilo unaelewa kwa nini rangi ni shahidi wa kutiliwa shaka. Rangi ya bawa inakuambia kipepeo anamwogopa nani. Haikuambii ni mtoto wa nani.

Hapa nitoke kidogo nje ya njia. Katika miaka ya 1950 daktari mmoja wa Liverpool, Cyril Clarke, alikuwa na mapenzi ya kuzalisha vipepeo mbayuwayu. Alikuwa akimshika dume mkono huu na jike mkono ule, akawakutanisha mwenyewe kwa vidole, apate kuona watoto wanarithi nini. Akashirikiana na mtaalamu wa jeni aitwaye Philip Sheppard, na dardanus akawa mmoja wa vipepeo wao wakuu. Namna mavazi ya vipepeo yanavyorithiwa iliwafanya wafikirie namna makundi ya damu ya binadamu, ile chanya na hasi, yanavyorithiwa, na kutoka hapo timu ya Liverpool ikawa miongoni mwa waliovumbua kinga kwa mama mwenye damu hasi aliyezaa mtoto mwenye damu chanya. Bila kinga hiyo, mwili wa mama unaweza kutengeneza askari wa kumshambulia mtoto atakayefuata. Mke wangu ana damu hasi. Alipojifungua huyu binti, alichomwa sindano ya anti-D. Mdogo wake yupo, ana miaka sita, na wiki iliyopita amevunja kikombe cha tatu. Nikimwona dardanus namsalimia.

Turudi kwenye ndoo. Jioni moja ya mvua, umeme umekatika, binti yangu akaniuliza swali ambalo sikuwa nimejiandaa nalo: "Sasa kama rangi inadanganya na mkia unadanganya, watu wanajuaje?"

Nikamwambia alete daftari la hesabu na bakuli la maharage ya bibi yake.

Tulichagua vipepeo watano. Wa kwanza ni wa mlimao, demodocus. Wa pili dardanus dume, wa njano mwenye mkia. Wa tatu ni Graphium, binamu mwembamba mwenye mistari na mkia mrefu kama upanga, ambaye viwavi wake hula majani ya jamii ya mstafeli na mtopetope. Wa nne ni Danaus wa machungwa, mwenye sumu. Wa tano Belenois, yule mweupe mdogo anayepita kwa makundi makubwa misimu mingine mpaka watoto wanamkimbiza barabarani. Tukaandika sifa tano: Je, kiwavi ana pembe inayonuka? Kipepeo ana mkia? Kiwavi anakula jamii ya mlimao? Miguu ya mbele imefupika? Na ya tano, ambayo ilibidi nimwonyeshe kwa bawa la kipepeo tuliyemkuta amekufa dirishani: karibu na kiwiliwili, kwenye bawa la mbele, kuna mshipa mdogo unaokwenda peke yake mpaka ukingoni. Kwenye familia nyingine mshipa huo unaungana na mwenzake njiani. Tukaushika kwa mwanga wa simu. Mshipa wenyewe ni mwembamba kuliko unywele na hauna uzuri wowote.

Kisha nikamwambia achore mti wa ukoo anaoupenda. Akafanya nilichofanya mimi ujanani: wenye mikia, dardanus na Graphium, tawi moja. Wasio na mkia, demodocus na Danaus, tawi jingine. Mweupe akamwacha pembeni.

"Haya, sasa tulipe," nikasema. Kila mahali ambapo sifa inazuka au inapotea kwenye mti, unaweka punje moja ya maharage. Mkia kwenye mti wake ulimgharimu punje moja tu, akafurahi. Pembe ikamgharimu mbili, kwa sababu wenye pembe amewatawanya matawi mawili, kwa hiyo pembe ile ile, yenye harufu ile ile, nyuma ya kichwa pale pale, ilibidi izuke mara mbili, au izuke mara moja kisha Danaus aipoteze. Chakula cha mlimao, mbili. Mshipa, mbili. Miguu, moja. Jumla punje nane.

Nikachora wa pili: demodocus na dardanus tawi moja, Graphium anawafuata, halafu Danaus na mweupe nje. Pembe, punje moja. Mlimao, moja. Mshipa, moja. Miguu, moja. Mkia, mbili, kwa sababu ulizuka kisha demodocus akaupoteza, au ulizuka mara mbili. Jumla sita.

Akahesabu tena, maana hapendi kushindwa. Nane na sita.

Kwa ufupi hiyo ndiyo kazi iliyofanywa na watu waliofuata njia ya Willi Hennig, Mjerumani aliyeandika mwaka 1950 kwamba udugu hauthibitishwi na kila kufanana. Unathibitishwa na yale mapya ambayo kundi limerithi pamoja kutoka kwa babu mmoja. Jambo la kale mno, ambalo hata mabibi wa mabibi walikuwa nalo, halikusaidii. Chukua ule uzi wa hariri: pupa wa kipepeo mbayuwayu, yaani kiwavi akiwa gandani kabla ya kutoka kipepeo, hujifunga kiunoni kwa uzi akaegemea kijiti kama mpanda mnazi, lakini na yule mweupe hujifunga hivyohivyo. Mtoto alitaka kuuingiza kwenye hesabu kuwa ni ushahidi wa udugu wa karibu. Nikamkatalia. Ni kama kusema wewe na fulani ni ndugu kwa sababu wote mna pua.

Na mkia? Mkia una kazi. Ndege akimfuata kipepeo kwa nyuma, ananyofoa mkia na kipepeo anaondoka na maisha yake. Wengi utawakuta porini mkia mmoja umekatika au yote miwili. Kitu chenye kazi kubwa hivyo kinaweza kuzuka mahali pawili kwa haja ileile, na kinaweza kuachwa pale haja inapogeuka, kama jike wa dardanus alivyouacha ili afanane na mwenye sumu. Mshipa ule mdogo wa bawa hakuna ndege anayeujali, kwa hiyo umekaa kimya vizazi na vizazi ukitunza habari.

Nikajiona mwalimu kweli. Binti yangu akanirudisha chini: "Lakini baba, umejuaje hakuna mti wa punje tano?" Sikujua, mpaka tukajaribu mingine kadhaa. Kwa vipepeo watano tu iko miti 105 inayowezekana kuchorwa. Kwa kumi iko 34,459,425. Maharage ya Arusha nzima hayatoshi, na ndiyo maana leo kazi hii inafanywa na kompyuta, nazo zenyewe haziwezi kujaribu miti yote.

Siku hizi sifa zinazohesabiwa ni herufi za vinasaba. Unachukua mguu mmoja wa kipepeo mkavu wa makumbusho, mguu mmoja tu, na unasoma. Napenda neno letu vinasaba kwa sababu limebeba nasaba ndani yake. Anayelitamka ameshataja kazi yake. Mwaka 1999 Michael Caterino na Felix Sperling walichapisha mti wa jenasi Papilio, lile kundi la ndani ya familia lenye demodocus na dardanus, waliouchora kwa jeni mbili za mitokondria. Mwaka 2020 kundi jingine likachapisha mti wa familia nzima kwa jeni 6,621 kutoka spishi 45. Kutoka jeni mbili mpaka elfu sita na ushei katika miaka ishirini na mmoja! Mti huo wa pili unakadiria kuwa familia ya mbayuwayu ilianza miaka milioni 71 hivi iliyopita, ingawa mipaka ya makadirio yenyewe ni mipana sana, kutoka chini kidogo ya milioni 50 hadi juu ya milioni 100. Kilimanjaro haijafikisha miaka milioni 3. Naipenda hesabu hiyo ninapokuwa na wageni wanaoutazama mlima kama kitu cha kale kuliko vyote.

Nilimsimulia shangazi habari ya mitokondria akiwa anapanga ndimu kwenye kapu, kubwa juu, ndogo chini. Nikamweleza kuwa hicho ni kitu kidogo ndani ya mwili ambacho mtoto anakirithi kwa mama peke yake, kwa hiyo mti ule wa kwanza ulikuwa mti wa akina bibi: mama, mama wa mama, mama wa mama wa mama.

"Kwa hiyo hao hawakumhesabu baba?"

"Kwa kipimo kile, hapana."

"Basi kwa kipimo kile wewe si wa hapa." Akacheka sana. Kwetu Meru ukoo ni wa baba: Kaaya, Mbise, Pallangyo, Nnko, unalibeba jina la babake babako hata ukaishi Mtwara. Mama yangu alitoka Machame. Kwa mti wa akina bibi mimi ni mtu wa Machame, niliyepotea njia nikaja kula ndizi za Wameru.

Shangazi hakujua kuwa ametaja tatizo halisi la wataalamu. Spishi mbili zinapozaliana mpakani, kama inavyotokea kwa baadhi ya ndugu wa Papilio machaon kule Amerika Kaskazini, mitokondria ya upande mmoja inaweza kuhamia upande wa pili na kubaki huko, ilhali jeni nyingine zote ni za wenyeji. Mti wa akina bibi unasema hili, mti wa ukoo mzima unasema lile. Ndiyo sababu hawaridhiki na jeni mbili.

Siku nyingine nikamuuliza anavyofanya msibani. Kila msiba anatokea mtu asiyejulikana anayesema ni ndugu, na wanampeleka kwa shangazi. Sijawahi kumsikia akisema "umefanana na marehemu". Anauliza: bibi yako alizikwa wapi? Mahari ya mama yako ilipokelewa na nani? Mlipanda mti gani mpakani? Maswali ambayo mtu hajipambi nayo. Alipoona namsikiliza kwa makini akasema, "Sura anaweza kuja nayo yeyote."

Yupo kipepeo mbayuwayu mmoja ambaye ni wa kwetu hasa, na ningependa watu wa Arusha na Moshi wamjue kama wanavyoujua mlima. Ni Papilio sjoestedti. Alipewa jina hilo mwaka 1908 na Aurivillius wa Sweden, kwa heshima ya Yngve Sjöstedt, aliyeongoza msafara wa kisayansi Kilimanjaro na Meru mwaka 1905 na 1906. Anaishi misitu ya milima ya kaskazini mwa Tanzania: Meru, Kilimanjaro, Ngorongoro. Dume ni mweusi mwenye mkanda wa rangi ya maziwa mabichi. Ndugu zake wa karibu nao ni watu wa milimani: jacksoni wa nyanda za juu za Kenya na Uganda, fuelleborni wa kusini mwetu na Malawi, echerioides anayefika hadi Afrika Kusini. Ukisimama Bomang'ombe mchana wa Februari, jua linakuchoma utosi, Meru kushoto na Kibo kulia, kilomita kama 70 baina yao, jiulize kipepeo wa msitu wa ukungu amepitaje hapo katikati. Hapiti. Msitu ndio ulimpitisha, zamani za mvua nyingi ulipokuwa umeshuka mabondeni, kisha ukapanda tena ukamwacha kila mmoja kilimani kwake. Mpaka sasa wa Kilimanjaro wanahesabiwa kuwa nususpishi yao wenyewe. Binamu wasiotembeleana.

Wale wanne wa ndoo? Wawili tu ndio walifika. Pupa mmoja alibaki hajatoka hata baada ya wiki nne, na siku moja tukakuta katundu kadogo ubavuni na nyigu wadogo kama punje za ulezi wanatembea kwenye chandarua. Walikuwa wamemla kutoka ndani. Mtoto alilia, mdogo wake akataka kufuga nyigu. Mwingine alikauka bila sababu niliyoijua. Wawili waliofanikiwa walitoka asubuhi, mabawa yamekunjamana kama kitenge kilichokamuliwa, wakaning'inia saa nzima hadi yakanyooka. Shangazi alikuja kuangalia, kanga begani, akasema ni wazuri, kisha jioni akapiga dawa miche yote. Soko ni soko.

Ila kwenye ule mdimu mzee, ambao hakuupiga, binti yangu akakuta kiwavi wa tano. Kijani zaidi, na mikanda yake haikufanana na ya wale wa kwanza. Pembe alikuwa nayo. Nilimshuku kuwa ni dardanus, maana naye hutaga kwenye jamii ya mlimao, lakini sikusema kwa sauti. Nimeshawahi kuandika "ndugu" kwa wino mwekundu.

Juni wageni wakarudi nikaondoka. Siku ya nane ya safari, tuko Seronera, wageni wanamtazama chui aliyelala na sioni kitu ila mkia wake unaoning'inia mtini, simu ikatetemeka. Picha kutoka nyumbani. Ndoo, chandarua, ganda tupu la pupa, na kando yake kipepeo mweusi mwenye mabaka meupe, hana mkia.

Nikamwandikia: "Jike! Hongera. Huyo ndiye mke wa yule wa njano."

Jibu likakaa kidogo kuja, mtandao wa kule unavyojua kujivuta.

"Nimemwambia bibi. Amekataa. Anasema huyu ni wa ukoo mwingine, ameletwa na upepo."